Kifaa Hakipunguzi Uzito: Uhakiki wa Istilahi za Kiungio cha Tela

Miongoni mwa miswada iliyoletwa katika sehemu yetu ya istilahi umo mmoja ambao mwanzoni tulidhani hautuhusu sana. Mwandishi wake ni ndugu yetu anayeishi Marekani, naye ameuandika kwa ajili ya wasemaji wenzake wa Kiswahili waliohamia huko. Unahusu namna ya kuchagua kifaa cha kuunganishia gari na tela la malazi, yaani lile tela lenye vitanda, jiko na tangi la maji ambalo Wamarekani wengi hulikokota wanapokwenda mapumzikoni. Mwandishi hakutuomba tuhukumu habari zenyewe. Alituomba tuyapitie maneno yake tu, tumwambie yapi yafaa na yapi hayafai.

Tulipokwisha kuusoma tuliona kuwa mambo hayo mawili hayatenganiki. Tela lililojazwa lenye kilo 2,500, likianza kuyumba kwenye barabara kuu, huisukuma nyuma ya gari kulia na kushoto, na laweza kulipindua gari pamoja na waliomo. Mtu anayenunua kifaa cha kujikinga na balaa hiyo huongozwa na jina la kifaa kabla hajaongozwa na kitabu cha maelezo. Jina likimdanganya, atanunua kisichofaa, au atanunua kinachofaa na kukitumia vibaya. Ndiyo sababu tumeona vema kuuchapisha uhakiki wetu hapa badala ya kumjibu mwandishi kwa barua peke yake.

Kwanza tumpe haki yake. Mswada umeandikwa kwa Kiswahili safi, sentensi zake hazina makuu, na mahali pengi mwandishi amekataa kuyabeba maneno ya kigeni pale ambapo Kiswahili kina lake. Ameandika "tufe" kwa kile chuma cha mviringo kinachofungwa nyuma ya gari ili kichwa cha tela kikalie juu yake, wala hakuandika "mpira", neno ambalo lingempeleka msomaji kwenye kiwanja cha michezo. Ameandika "ekseli", kama wasemavyo madereva na mafundi wetu. Tunayakubali yote mawili. Shida yetu iko kwenye maneno manne, na kubwa kuliko yote ni jina la kifaa chenyewe.

Mwandishi amekiita "kigawauzito". Hii ni tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza, na kwa mtazamo wa sarufi haina kosa lolote: imeundwa kama "kipimajoto" ilivyoundwa. Kosa lake ni la maana. Mtoto wa shule akisikia neno "kugawa" hukumbuka hesabu: mia tatu gawa kwa tatu ni mia moja. Msomaji wa mswada huu atafikiri hivyo hivyo. Ataamini kwamba uzito unaoshuka kutoka kwenye tela hukatwa mafungu yaliyo sawa, na kwamba kila ekseli hupewa fungu lake. Mwandishi mwenyewe ameingia katika mtego huo, maana katika ukurasa wake wa nne anasema kuwa kifaa "kinalipunguzia gari mzigo", na katika ukurasa wa saba anamruhusu msomaji kuvuta tela zito kuliko gari linavyoruhusiwa, mradi awe na kigawauzito kizuri. Hapo ndipo tulipoiweka kalamu chini.

Hebu tuangalie kifaa kinafanya nini hasa. Tuchukue mfano wa tela la kilo 2,500 ambalo kichwa chake kinalikandamiza tufe kwa kilo 300. Gari linalovuta lina mita 3 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na tufe liko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Msomaji aliyewahi kuona watu wawili wakichukua mzigo kwa mpiko ataelewa upesi. Mzigo ukining'inia katikati yao, kila mmoja hupata sehemu yake. Lakini ukitungikwa kwenye ncha iliyopita bega la yule wa nyuma, mpiko humwinukia yule wa mbele, na wa nyuma hubeba mzigo wote na zaidi ya mzigo. Gari nalo ni hivyo. Ekseli ya mbele inapungukiwa na kilo 120, na ekseli ya nyuma inaongezewa kilo 420, ingawa kilichowekwa juu ya tufe ni kilo 300 tu. Madereva huijua hali hiyo bila hesabu: husema usukani umekuwa mwepesi. Magurudumu yanayoliongoza gari yameinuliwa, na uwezo wa kukata kona na wa kufunga breki umepungua.

Kifaa tunachokizungumzia kina vyuma viwili virefu vyenye tabia ya springi. Ncha za mbele za vyuma hivyo zimeingia katika kichwa cha kifaa, chini ya tufe. Ncha za nyuma huvutwa juu na kufungwa kwenye fremu ya tela kwa minyororo au kwa vishikizo. Vinapokazwa hufanya kazi ya mitaimbo. Ni kama mtu aliyeshika vipini vya toroli akaviinua: uzito husogea kuelekea mbele. Katika mfano wetu, mitaimbo ikikazwa kiasi cha kuzirudisha zile kilo 120 zote katika ekseli ya mbele, na ikiwa magurudumu ya tela yako mita 5 nyuma ya tufe, basi ekseli ya nyuma ya gari itabaki na nyongeza ya kilo 242 hivi, na kilo 58 hivi zitakwenda kwenye magurudumu ya tela. Jumlisha: ni kilo 300 zile zile. Hakuna hata kilo moja iliyopotea, wala hapakuwa na mafungu sawa. Zaidi ya hayo, kifaa chenyewe ni chuma kizito. Vipo vinavyofikia kilo 40 na kupita, na kilo hizo nazo hubebwa na gari.

Kwa hiyo neno "kigawauzito" linaahidi jambo lisilotendeka. Wenye Kiingereza wanalo jina kama hilo, na wanunuzi wao nao hupotezwa nalo. Lakini kosa la lugha nyingine si amana tuliyopewa tuitunze. Lugha inayounda istilahi baadaye ina nafasi ya kukisoma kifaa kwanza na kukipa jina pili.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Rasimu yetu ya kwanza ya majibu ilipendekeza "kiungio sawazishi". Tulilipenda neno hilo, kwa sababu mtu akilitazama gari kabla na baada ya mitaimbo kukazwa huona wazi kuwa mkia uliokuwa umelala umeinuka, na gari limekaa sawa. Tulimwalika fundi mmoja wa malori kwenye kikao chetu ili atusikilize. Alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Ndugu zangu, nikitia mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma, gari litasimama sawa vile vile. Je, uzito wa mbele utakuwa umerudi?" Tulinyamaza. Mifuko ya hewa huinua mkia wa gari, lakini uzito wa ekseli ya mbele haurudi kwa sababu hiyo. Neno "sawazishi" lingefaa kwa vitu viwili tofauti, kimoja kinachorejesha uzito mbele na kingine kinachorekebisha sura tu. Msomaji angenunua cha bei nafuu, akalitazama gari lake lililosimama vizuri, akaondoka na usukani mwepesi ule ule.

Swali la fundi ndilo lililotupa jibu. Kazi inayokitenga kifaa hiki na vingine vyote ni kurejesha: kinarejesha kwenye magurudumu ya mbele uzito ulioondolewa na tela. Tunapendekeza basi "kiungio rejeshi". Neno hili halimwahidi mtu nafuu ya mzigo. Tena linamfanya aulize swali linalofaa, yaani: kirejeshe kiasi gani? Jibu la swali hilo limo katika kitabu cha gari. Watengenezaji wengine wa magari hutaka nusu tu ya uzito uliopotea mbele irejeshwe, wengine hutaka wote, na yapo magari ambayo watengenezaji wake hawaruhusu kifaa hiki kabisa. Kukaza kupita kiasi nako ni hatari, kwa maana magurudumu ya nyuma yakinyimwa uzito hushika barabara kwa ulegevu, na gari huwa tayari kuteleza mkia. Mwenye "kigawauzito" hawezi kuona hatari hiyo, kwa sababu kwake kugawa zaidi ni heri zaidi.

Neno la pili ni "uzito wa ulimi". Wamarekani huuita ulimi ule mkono wa fremu unaotokeza mbele ya tela. Kweli, Kiswahili nacho kina ulimi wa kiatu na ulimi wa moto, wala hatuoni ubaya wa mfano huo peke yake. Lakini mwenye ulimi mzito kwetu ni mtu asiye mwepesi wa kusema, na msomaji ataanza kwa kucheka mahali asipopaswa kucheka. Shida kubwa zaidi ni kwamba Waingereza, kwa uzito ule ule, hawasemi ulimi bali husema pua. Tukiwafuata wote wawili tutakuwa na uzito wa ulimi katika nyumba ya Mswahili wa Minneapolis na uzito wa pua katika nyumba ya nduguye wa London, na kitu ni kimoja. Tunapendekeza "uzito wa kiungioni", yaani uzito unaoshuka pale tela linapoungana na gari. Hautegemei kiungo chochote cha mwili, na ukisemwa kwa simu unaeleweka.

Tunaongeza onyo kwa watunga kamusi. Mswada umeifasili dhana hii kuwa ni "asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela". Hiyo si fasili. Ni kipimo kinachoshauriwa kwa matela ya malazi ya Marekani. Uingereza, ambako matela ni mepesi na magari ni madogo, ushauri wa kawaida ni asilimia 5 hadi 7, na kiungio rejeshi hakitumiki sana. Fasili iseme kitu ni nini. Kipimo kiandikwe katika mwongozo wa nchi inayohusika. Tukiifunga tarakimu ndani ya fasili, istilahi yetu itakuwa kweli upande mmoja wa Atlantiki na uongo upande wa pili.

Neno la tatu ni "karavani", ambalo mwandishi amelitumia mara mbili tatu kwa tela lenyewe. Tunalikataa. Katika Kiingereza cha Uingereza neno hilo ni jina la tela la malazi. Lakini Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, alipoongoza kundi la wasafiri waliokokota matela yao kutoka Cape Town hadi Kairo katika safari iliyoanza mwaka 1959, neno hilo lilikuwa jina la kundi zima. Sisi tuna "msafara" tangu enzi za wapagazi, na tuna "tela" linalofahamika kila bandari. "Tela la malazi" latosha, na msafara ubaki kuwa msafara.

Neno la nne si neno moja bali ni maneno mawili yaliyofanywa kuwa moja. Mwandishi anasema kigawauzito "ndicho kinachozuia kuyumba". Kurejesha uzito na kuzuia myumbo ni kazi mbili. Vipo viungio rejeshi visivyo na kizuia myumbo chochote. Vipo vyenye pau ya msuguano inayofungwa kando, na pau hiyo aghalabu hutakiwa kulegezwa au kutolewa kabla ya kurudi nyuma. Vipo pia ambavyo mitaimbo yenyewe imeundwa ili ishikane kwa msuguano na kupinga mwendo wa kwenda upande. Mnunuzi anayedhani kwamba kila kiungio rejeshi kina kinga hiyo anaweza kuondoka dukani bila kinga. Na lililo zito kuliko hilo: myumbo mara nyingi huanzia katika upakiaji. Mizigo mizito ikirundikwa nyuma ya magurudumu ya tela, uzito wa kiungioni hupungua, na tela huanza kutikisa mkia. Wakulima wetu wa magari ya ng'ombe wanaijua sheria hii. Mzigo ukizidi mbele, nira huwaelemea ng'ombe shingoni. Ukizidi nyuma, nira huinuka na kuwakaba. Hawendi dukani kununua dawa ya kosa hilo. Wanapanga mzigo upya. Basi "kizuia myumbo" kiwe na jina lake, na mwongozo useme waziwazi kuwa hakisahihishi tela lililopakiwa vibaya.

Baada ya kusema hayo tuliirudia sura ya mwandishi inayohusu uchaguzi, tukayaweka maneno mapya mahali pa yale ya zamani, na tukaona kuwa mashauri yake mengine yananyooka yenyewe. Kwanza, mnunuzi asome kitabu cha gari na kibandiko cha kipokezi, ambacho ndicho chuma kilichofungwa chini ya gari ili kupokea kiungio. Kibandiko hicho aghalabu huwa na viwango viwili, kimoja cha kuvuta bila mitaimbo na kingine cha kuvuta pamoja nayo, na hakuna kiungio kinachovipandisha viwango hivyo wala kile cha gari lenyewe. Pili, apime uzito wa kiungioni tela likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri. Uzito ulioandikwa katika matangazo ya muuzaji ni wa tela tupu. Haumo maji, ambayo kila lita yake ni kilo moja, wala vyombo, wala chakula, na mitungi ya gesi pamoja na betri mara nyingi hukaa pale pale mbele penye kiungio. Tatu, ajumlishe mizigo iliyowekwa ndani ya gari nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa kuwa nayo huuinua mpiko vile vile. Nne, achague mitaimbo ya kiwango kinachokaribiana na jumla hiyo. Iliyo dhaifu haitarejesha cha kutosha. Iliyo migumu mno huitesa fremu ya tela na kulifanya gari lirukeruke. Tano, kama breki za tela ni zile zinazofanya kazi kwa kusukumwa na tela lenyewe, aulize kwanza, kwa sababu baadhi ya viungio rejeshi haviafikiani nazo.

Mwisho apite kwenye mizani. Huko Marekani zipo mizani za kulipia katika vituo vingi vya malori. Apime ekseli ya mbele mara tatu: gari likiwa peke yake, gari likiwa na tela kabla ya kukaza mitaimbo, na baada ya kukaza. Tarakimu hizo tatu zitamwambia kiasi kilichopotea na kiasi kilichorejea, jambo ambalo macho hayawezi kumwambia. Angalia, msomaji, kwamba shauri hili halikuwamo katika mswada. Halikuweza kuwamo, kwa sababu mwenye "kigawauzito" hana kitu cha kutafuta mizanini, ilhali mwenye "kiungio rejeshi" anajua anachokitafuta.

Huenda mtu akauliza kwa nini tutumie karatasi nyingi hivi kwa kifaa ambacho wengi wetu hatutakinunua. Jibu letu ni kwamba msemaji wa Kiswahili anayekinunua yupo, anaendesha gari lenye watoto ndani, na ameomba maneno kwa lugha yake. Kama Kiswahili kitampa tafsiri sisisi, basi hakikumpa lolote ambalo hakuwa nalo katika Kiingereza, pamoja na makosa yake. Kanuni tuliyoizoea ya kutafuta istilahi kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na hatimaye katika lugha za kigeni, haitusaidii iwapo tunachokitafuta ni umbo la neno tu na dhana tumeichukua mkopo bila kuikagua.

Tunatoa mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

Tela la malazi: tela lililoundwa kwa ajili ya kulala na kupikia safarini.

Kiungio rejeshi: kifaa cha kuunganishia gari na tela, chenye mitaimbo ya springi, kinachorejesha kwenye ekseli ya mbele ya gari uzito ulioondolewa na tela.

Mtaimbo wa springi: chuma kirefu chenye kunyumbuka kinachofanya kazi ya wenzo katika kiungio rejeshi.

Uzito wa kiungioni: uzito ambao kichwa cha tela kinaushusha juu ya tufe.

Kizuia myumbo: kifaa, au sehemu ya kifaa, inayopinga tela kwenda upande kwa upande.

Kipokezi: chuma kilichofungwa chini ya gari ili kiungio kipachikwe humo.

Mapendekezo haya si sheria. Madereva na mafundi wa matela, na hasa wasomaji wetu walioko ng'ambo ambao wamewahi kukaza mitaimbo hii kwa mikono yao, tunawaomba watuandikie. Kama lipo neno ambalo tayari linatumika gereji na sisi hatukulisikia, tutalipokea kwa furaha, na la kwetu tutaliweka kando. Mwandishi wa mswada tumemrudishia kazi yake pamoja na nakala ya makala haya. Tumemwomba aufute ule ukurasa wa saba kwanza, kabla hajabadilisha neno hata moja.